Siku Nilipoyaona Macho Yangu kwa Ndani

Ukunda, Kwale
Jumapili, baada ya alasiri

Dada yangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Nakuamkia wewe, namwamkia mama yetu, na kila aliye chini ya paa lenu hapo Faza. Goti lako limetulia? Mama anapata usingizi? Mwanao Rukia aliniambia kwamba siku hizi mama anaomba uji wa mtama kila asubuhi na anaumaliza, nikafurahi kama kwamba nimeunywa mimi. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Hamisi yuko na bustani yake kule hotelini Diani, mwanetu Saumu yuko bwenini shuleni, na mimi niko na cherehani yangu palepale karibu na Kona ya Musa. Mvua imetosha mwaka huu. Mihogo ya mama mkwe kule Kikoneni imeshika vizuri, na kila mgeni akitoka huko haji mikono mitupu.

Utakapoiona bahasha hii utashtuka, maana tangu tulipopata simu sijakuandikia hata mstari mmoja. Usishtuke, hakuna aliyefariki. Ila ninalo jambo ambalo nikilisema kwa simu nitalia, nawe utasema, "Haya, tutaongea," kisha simu itakatika kama ilivyo kawaida yetu. Ndiyo maana nimekaa chini niandike. Nakuomba uisome mwenyewe kwanza, taratibu, kabla hujampa Rukia.

Dada, tangu mwanzo wa mwaka huu nilikuwa nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Nilianza kwa kulaumu uzi. Nikabadilisha uzi. Nikalaumu sindano, nikanunua za tundu kubwa. Mwisho nikawa natoka nje ya duka, nasimama juani, naiinua sindano mbele ya ukuta mweupe wa jirani na kuubahatisha uzi mara kumi. Akipita mtu najifanya natafuta kitu. Kazi za shanga na lesi nikaanza kuzikataa. Akija mama wa bibi harusi na shela lake, namwambia nina kazi nyingi, ampelekee fundi mwingine. Na kazi nyingi sikuwa nazo.

Sikumwambia Hamisi. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujua, au nilidhani nimejua, ni nini kilichonipata. Nilisema moyoni: ndiyo yale. Yamenifika.

Unajua ninachokisema. Nilipotoka nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita kumfuata Hamisi, mama alikuwa hataki. Alitaka niolewe hapohapo Faza, si na Mdigo, wakati ule fundi mwashi, aliyekuja kujenga madarasa akamaliza akaondoka. Baba alikubali, ndoa ikafungwa kwa halali, lakini mama alilia siku tatu, na wewe ndiye uliyekaa naye. Baada ya hapo macho yake yakaanza kwenda. Jicho la kulia, kisha la kushoto. Nilipokuja kumzika baba, ulinichukua uani, ukaniambia kwa sauti ya chini ili mama asisikie, "Machozi uliyomliza mama ndiyo yaliyomwosha macho." Hukuwa umekasirika. Ulikuwa umechoka tu. Ndiyo maana niliamini.

Tangu siku ile nimekuwa nalibeba neno lile, dada. Mama mwenyewe ameniambia mara nyingi kwamba radhi ninayo, na najua hasemi uongo. Lakini kila nilipokuja likizo nikamwona anapapasa ukuta kutafuta mlango, nilijua mlango ule nimemfungia mimi. Basi sindano iliponishinda, sikushangaa. Niliona ni haki.

Hamisi alinigundua siku ya Ijumaa. Alitoka msikitini akapitia dukani, akanikuta juani na sindano yangu. Akasimama nyuma yangu, sijui muda gani.

"Zuhura," akaniuliza, "ni tangu lini?"

Nikamwambia ni vumbi limeniingia.

"Vumbi la miezi mingapi? Umeanza kunisomea ujumbe wa simu kwa kuunyoosha mkono mpaka unanigonga kifuani."

Nikacheka, kisha nikalia. Nikamwambia sitaki kwenda kupimwa. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu nitaambiwa." Jumanne asubuhi aliomba ruhusa kazini, akavaa kanzu yake ya Idi, akakaa mlangoni akinisubiri. Basi nikajua hakuna njia.

Tulikwenda Msambweni, kwenye kliniki moja ya macho ambayo wenzake kazini walimwelekeza. Sasa nataka nikueleze yote yaliyofanyika humo, hatua kwa hatua, na nina sababu yangu. Usiruke.

Kwanza ni maswali. Daktari ni msichana wa Kitaita, Mkamburi jina lake, amempita Rukia wetu kwa miaka michache tu. Alisimama aliponiona, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Akaniuliza kazi yangu, kama nina sukari au presha, kama naumwa kichwa, kama nimewahi kuumia jicho. Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Na kwenu, mama, kuna mtu aliyepofuka?"

Nikasema, "Hakuna."

Hamisi aligeuka akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Daktari akaandika.

Mungu anisamehe. Niliona aibu kumtaja mama mbele ya mgeni, nikaona atauliza amepofuka kwa nini, nami nitasema nini?

Kisha akaniketisha mbele ya ubao wa herufi ulio ukutani mbali, zile za juu kubwa, za chini ndogo kama sisimizi. Nikafunikwa jicho moja, nikasoma, nikafunikwa la pili, nikasoma. Asiyejua kusoma naye haachwi, ana ubao wake wa alama kama uma wenye meno matatu, anaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Nilimwona mzee mmoja wa Kiduruma kabla yangu akizionyesha kwa fimbo yake, na kila akipatia anasema "Haya!" kama kwamba amempiga nyoka. Mimi ubao ule wa mbali niliusoma karibu wote, nikaanza kujipa moyo.

Baadaye nikavishwa miwani ya chuma, mizito, isiyo na vioo. Daktari akawa anavitumbukiza vioo kimoja kimoja na kunishikisha kitabu. "Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili?" Mara nyingine sikuona tofauti, nikaogopa kukosea kama niko mtihanini. Akaniambia, "Hapa hakuna kukosea mama. Niambie unachokiona wewe tu." Akabadilisha tena, na dada, herufi zikasimama! Ghafla, nyeusi, kali, kila moja na kingo zake. Nikautazama mkono wangu, nikaona mistari ya kiganja na alama za sindano kwenye kidole, hata moja ambayo sikujua kama ninayo. Nikasema subhanallah kwa sauti.

Daktari akacheka. "Hili si ugonjwa," akasema. "Ni umri. Kila anayepita miaka arobaini linamkuta. Utapata miwani ya kushonea na maneno yamekwisha."

Nilimtazama Hamisi naye akanitazama. Miezi yote ile ya kujificha juani, kumbe ni umri. Nikaanza kukusanya mkoba wangu. Daktari akaniambia, "Bado, mama. Kioo ni nusu ya kazi. Nataka nione jicho lenyewe."

Tulipokuwa tunasubiri mashine itayarishwe, alitupa kitabu cha picha za vidoti vya rangi ili tusome tarakimu zilizofichwa ndani yake. Mimi nikazisoma upesi: kumi na mbili, nane, sita. Hamisi akachungulia begani kwangu, akasema, "Sita iko wapi?"

"Hiyo hapo, nyekundu kwenye kijani."

"Hapo hapana kitu."

Nilidhani ananitania. Daktari akamkalisha, akamfunulia kurasa zote. Karibu zote kwake zilikuwa vidoti tu. Akamwambia kwa upole kwamba amezaliwa hivyo, kwamba nyekundu na kijani na kahawia kwake zinakaribiana, na kwamba si ugonjwa wala hali hiyo haizidi. Unajua nimegombana naye miaka mingapi juu ya uzi? Namtuma uzi wa kahawia analeta kijani, namwambia hanisikilizi, anaidharau kazi yangu. Mara moja nilimnunia siku mbili kwa uzi wa harusi ya watu. Nikamwuliza, "Na maembe ya kule bustanini unajuaje yameiva?"

"Nayanusa," akasema. "Nilidhani kila mtu anayanusa."

Nilimshika mkono mbele ya daktari, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu.

Baada ya hapo nikaitwa kupimwa presha. Si presha ya mkono, ni presha ya ndani ya jicho. Unaweka kidevu kwenye kibao, unatazama taa ndogo, na mashine inakupulizia upepo machoni, pu! Hauumi, unashtua tu. Nilirushwa nyuma kitini, Hamisi akacheka. Mara ya pili nikajikaza. Mara ya tatu nikamwona daktari haongei tena. Akaniwekea tone la kunyima jicho maumivu, akapima upya kwa kifaa kingine chenye mwanga wa buluu, karibu kabisa, nikisikia pumzi yake. Akaandika. Akasema, "Sasa tucheze mchezo mmoja."

Mchezo wenyewe ni huu. Unaingiza uso kwenye kitu kama bakuli kubwa jeupe, wanakufunika jicho moja, unapewa kitufe mkononi. Katikati kuna kitone, unakitazama hicho hicho bila kuhamisha macho. Pembeni taa ndogo zinawaka na kuzimika, huku na huku, nyingine kali, nyingine hafifu kama cheche. Kila ukiiona unabonyeza. Jicho la kulia nilikwenda nalo vizuri. La kushoto nikabonyeza, nikabonyeza, kisha kukatulia. Nikasubiri. Nikadhani mashine imelala. Kisha taa zikaja tena, zikapotea tena. Nilipotoa uso nikamwambia daktari, "Mashine yako imechoka, kuna wakati haikuwasha taa."

Akanijibu taratibu, "Taa ziliwaka, mama. Zote."

Dada, sijui nikuelezeje nilivyosikia. Ningeona giza mahali pale ningeelewa. Lakini hapakuwa na giza. Hapakuwa na kitu chochote, wala sikujua kwamba hapana kitu. Nimeishi na pengo katika jicho langu, nikapika nalo, nikashona nalo, nikavuka barabara ya lami nalo, na jicho lenyewe halikuniambia.

Nikatiwa matone mengine, haya ya kuipanua mboni. Yanawasha kidogo, kisha unasubiri kama nusu saa ukiona mambo yanazidi kuwa na ukungu ukitazama karibu. Usiende peke yako siku hiyo, na chukua miwani ya jua. Mboni ikishafunguka, daktari anakuweka kidevu mahali, anakumulika kwa taa nyembamba na kukutazama ndani. "Tazama juu. Tazama sikio langu. Tazama chini." Taa ni kali, machozi yanatoka, lakini hakuna kinachokugusa. Kisha mashine nyingine ikapiga picha kwa mwako mmoja, na daktari akaigeuza kompyuta ili nione.

Nilikuwa nimevaa miwani ya kuazimwa ili nione karibu. Nikainama.

Ilikuwa duara, rangi ya chungwa lililoiva, inang'aa kama kwamba kuna taa nyuma yake. Ndani ya duara mishipa myekundu imetawanyika, minene kisha myembamba, kisha myembamba zaidi mpaka inapotea. Unakumbuka kule mikokoni maji yakitoka, tope linavyobaki limechorwa vijito, kila kijito kinazaa kingine? Ni vile vile. Nimeshika nyuzi za kila aina tangu usichana wangu, na sijawahi kuona uzi uliolazwa kwa ustadi ule. Nikamwuliza, "Hiki ni kitu gani?"

"Ni wewe," akasema. "Ni jicho lako kwa ndani. Kila ulichokiona maishani mwako kimepita hapa."

Nikaanza kulia, na hapo hata habari sijapewa. Nilikuwa nawaza: uso wa mama ulipita hapa. Kilemba cha baba. Wewe ulipokuwa unanisuka nywele mbele ya kioo. Saumu alipozaliwa. Vyote viliingia kwa tundu dogo kama la sindano, na Mwenyezi Mungu akavitandikia pahala palipopambwa hivi, pasipoonwa na mtu. Miaka arobaini na mitatu nimekuwa na kitu hiki na sijui kama ninacho.

Daktari aliniacha nilie. Kisha akanionyesha doa la manjano hafifu upande mmoja wa duara, pale mishipa yote inapoingilia. Akasema huo ndio mwisho wa mshipa mkubwa unaopeleka habari kwenye ubongo. Katikati yake kuna shimo kama la kikombe, na kikombe changu cha kushoto kimekuwa kipana kuliko inavyotakiwa. Akaweka picha ya kulia kando yake, nikaona tofauti mwenyewe. Akaniambia hii ni glakoma, presha ya macho, na imeanza.

Kisha akaiweka kalamu chini. "Mama Saumu, nitakuuliza tena swali lile. Kwenu hakuna aliyepofuka?"

Nikamwambia, "Mama yangu."

"Alipofukaje?"

"Kwa kulia. Nilimliza mimi."

Nikamweleza yote, dada. Ndoa, siku tatu, uani, maneno yako. Hamisi alikuwa hajui maneno yale. Miaka yote hii sikumwambia. Nilisikia kiti chake kikisogea karibu na changu.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi, akanichorea jicho. Akasema machozi yanatengenezwa nje, juu ya jicho, yanaosha uso wake na kushuka, basi. Hayaingii ndani, na hakuna machozi yaliyowahi kumpofusha mtu, hata angelia mwaka. Ndani ya jicho kuna maji mengine kabisa, ambayo hayahusiani na kulia wala kucheka. Yanatengenezwa kila siku na kutoka kila siku kwa njia ndogo ndogo. Kwa watu wengine njia zile hazipitishi vizuri, maji yanasukuma, na ule mshipa unaumia polepole, bila maumivu, kuanzia pembeni. Mtu anapokuja kugundua, mengi yamekwisha kwenda. Na mara nyingi jambo hili linatembea katika damu ya familia.

"Lilikuwa limeanza kabla hujaondoka nyumbani," akaniambia. "Hata ungeolewa nyumba ya pili, lingekuja."

Nikamwuliza kama ana hakika, maana hajamwona mama. Akasema kweli, hajamwona, na mama lazima apimwe ndipo ijulikane ni nini kilichompata. "Lakini kwamba si machozi, hilo nina hakika nalo leo hii hapa nilipokaa."

Tulipotoka nje jua lilikuwa limenijaa machoni kama moto mweupe. Sikuweza kutazama. Hamisi akanifunika kwa leso yangu mwenyewe na kuniongoza kwa mkono, akinihesabia ngazi, moja, mbili, tatu. Tukakaa kivulini nje ya geti. Akaniuliza, "Kwa nini ulibeba peke yako?" Nikalia ndani ya leso. Yeye pia alilia kidogo, akasingizia jua.

Nimepewa dawa ya matone, tone moja kila jioni, kila jicho, maisha yangu yote. Nilimwuliza daktari habari ya Ramadhani, akasema nitie baada ya kufuturu nisiwe na wasiwasi. Kilichokwenda hakirudi, aliniambia wazi. Lakini nikiitunza dawa na kwenda kupimwa kila ninapoitwa, nilichobaki nacho kitanitosha mpaka uzee, inshallah. Miwani ya kushonea nimekwisha kupata. Jana nilitunga uzi mara ya kwanza bila kutoka nje, nikautoa, nikautunga tena, kwa raha tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, dada.

Kabla hatujaagana, daktari aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema ninaye mmoja, mkubwa wangu. Akauliza, "Anaonaje?" Nikafungua mdomo kusema anaona vizuri, na hapo nikakumbuka Idi iliyopita. Ulibeba sinia la chai ukaligonga kwenye nguzo ya baraza, nguzo ambayo ipo tangu hatujazaliwa, na vikombe vyote vikamwagika. Ukasema nyumba imejaa watu. Siku ya pili mtoto wa Rukia alikuja mbio kutoka upande wako wa kulia ukamkanyaga, ukamgombeza kwamba anakuja kimyakimya, naye alikuwa anakuita kwa sauti. Nikakumbuka unavyogeuza kichwa chote ukitaka kumtazama mtu aliyekaa kando yako. Nilidhani ni shingo.

Nilimweleza daktari haya. Hakusema una nini. Alisema tu, "Mlete. Usingoje Idi nyingine."

Najua utanijibu kwamba unaona vizuri. Hata mimi nilikuwa naona vizuri, na taa zilikuwa zinawaka pembeni yangu. Najua pia utasema huwezi kumwacha mama. Hutamwacha peke yake. Nakuja mimi. Duka nitalifunga wiki mbili, nitakaa na mama, nitampikia uji wake, nitamwogesha, na nitampeleka Lamu akapimwe macho, maana daktari amesema jicho linaloona bado mwanga lisiachwe hivi hivi. Barua ya kumpeleka ameniandikia tayari. Wewe utakuja huku. Wifi yangu, dada yake Hamisi, atakupokea Mombasa na kukuvusha feri, na siku ya pili yeye na Hamisi watakupeleka Msambweni. Utalala kitandani kwangu pamoja na wifi, na Hamisi atalala kwa mwenzake wa kazini.

Miaka kumi na tisa hujaiona nyumba yangu, nami sikulaumu. Ulikuwa umeshika pale nilipopaacha. Nilikuona umechoka nikakudhania una hasira, nawe ulikuwa unamfulia mama, unamshika mkono kwenda chooni, unajibu maswali ya majirani, peke yako. Neno lile uliloniambia uani ulilisema kwa sababu ulihitaji pawe na sababu. Hata mimi niliihitaji. Sina kinyongo, na wewe nakuomba usijibebeshe. Hukujua, sikujua, na mama hakujua. Ukishamaliza kuisoma barua hii, msomee mama yote, na ile sehemu ya machozi msomee mara mbili, kwa sababu nahofia naye amekuwa akiamini kwamba ni kulia kwake ndiko kulikomponza.

Nisalimie Rukia, umwambie naye na wanawe watapimwa, hata kama hawana tatizo lolote. Msalimie shemeji, mume wako, na mwombe ruhusa kwa niaba yangu kwa hizo wiki mbili. Mwambie Hamisi amesema atamlipa kwa korosho za Kikoneni. Wasalimie mama mdogo aliye nyumba ya nyuma, na mwalimu wa chuo aliyetusomesha Kurani, na jirani yetu anayemletea mama maziwa. Hamisi anakuamkia sana, shemeji yake. Saumu anakubusu mikono.

Nitaondoka hapa Jumatano ya wiki ijayo, barua hii ikiwa imekwisha kukufika, nishuke Mokowe Alhamisi, na nikipata boti mapema nitafika kabla ya adhuhuri. Usiniwekee chakula, wala usije gatini kunipokea. Nikuombalo ni moja tu: nikiingia mlangoni nikukute umekwisha kufungasha.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura